Sauti ya Tarishi wa Duluth

Lorna Haapala aliyasoma maelezo ya jalada la santuri mara mbili, mara ya pili akiwa na kalamu nyekundu mkononi. Alikuwa amefundisha kemia miaka thelathini na mmoja katika sekondari ya mjini Duluth, na uongo ulioandikwa kwa lugha tamu haukumbabaisha.

Ng'ambo ya meza aliketi Corbin Yates, kijana wa kampuni ndogo ya santuri ya Chicago, soksi zimelowa kwa theluji aliyoikanyaga kabla ya kuvua viatu mlangoni. Alikuja kuomba saini moja tu. Kampuni yake ilitaka kuitoa upya santuri pekee ambayo marehemu Wendell, mume wa Lorna, aliitoa kwa jina lake mwenyewe mwaka 1991, baada ya bendi yake kuvunjika. Wakati ule zilitoka nakala mia tatu, na nyingi zilichukuliwa na binamu zake. Sasa vijana wa mtandaoni walikuwa wakizitafuta kama dawa.

"Hapa umeandika," Lorna akasema, "kwamba Wendell alijifungia chini ya nyumba, akili zimemruka, akaimba kwa sauti nyembamba ya mtoto aliyevunjika moyo."

"Ndiyo, mama. Sauti hiyo ndiyo inayowaliza watu."

"Alijifungia kwa sababu Sanna alikuwa anaota meno, na nyumba nzima haikaliki."

Sanna, binti yao, alikuwa akikata mkate wa iliki. Akaangua kicheko. "Kumbe msanii ni mimi! Mama, tia saini tule. Baba angecheka tu."

"Baba yako alicheka mengi. Hakuyatia saini yote." Kalamu ikashuka mstari mwingine. "Na hapa: 'mlevi aliyesahauliwa na dunia.' Dunia ipi hiyo, kijana? Alipeleka barua mlima huu miaka ishirini na sita. Hakuna mbwa huku asiyemjua."

Corbin alikohoa. "Lakini alikunywa, mama. Wenzake wa bendi wameniambia."

Kisu cha Sanna kilisimama katikati ya mkate. Lorna hakuinamisha uso.

"Alikunywa majira mawili ya baridi. Ya tatu akaacha, na hakugusa tena mpaka tunamzika. Ukiandika alikunywa, andika na aliacha. Nusu ya ukweli siitii saini."

"Sawa, hilo nitarekebisha. Lakini sauti yenyewe inajieleza, Mama Haapala. Mtu aliyetulia haimbi vile."

Lorna akanyanyuka. Alirudi kutoka chumbani amekumbatia mashine ya kurekodia yenye vumbi kwenye vitufe, na juu yake kasha la kanda. Akachomeka waya, akabonyeza.

Gitaa lilianza polepole, zito, kila uzi na nafasi yake. Kisha mwanamume akaimba. Ilikuwa sauti nene, ya kifuani, isiyo na haraka, sauti ya mtu anayezungumza na mkewe huku anafunga kamba za buti.

Corbin alisogea karibu na spika. "Huyu nani?"

"Ndiye huyo unayemuuza."

"Haiwezekani."

"Mkanda wa mpira ndani ya mashine hii ulikuwa umechoka, ukawa unavuta kanda taratibu. Alirekodi taratibu, akasikiliza taratibu, kila kitu kikawa sawa. Akapeleka kanda kwa wachapaji wa santuri Minneapolis, wakaipiga kwenye mashine isiyo na kasoro. Ikakimbia, sauti ikapanda. Alipoisikia santuri alikaa kwenye ngazi akacheka mpaka machozi. 'Lorna, wamenigeuza panya!' Akaomba irudiwe, akaambiwa zimeshachapwa."

"Na hakumwambia mtu?"

"Aliwaambia watu wote. Nani alimsikiliza tarishi?"

Corbin alijipangusa paji la uso. "Mashabiki wataninyonga. Wameipenda ile nyembamba miaka yote hii."

"Shauri yao. Itoke kwa mwendo wake, na maneno niliyoyakata yabaki yamekatwa. La sivyo kanda hizi nitazikwa nazo."

Kijana alitoka barazani kupiga simu Chicago. Aliporudi masikio yalikuwa mekundu kwa baridi. "Wamekubali kuziweka zote mbili, mama. Ile inayojulikana mwanzo, hii mwishoni."

"Hapana."

"Mama!" Sanna akasema. "Watu wamekutana nawe katikati ya njia."

"Katikati ya njia ndipo watu wanapogongwa. Jina lililo kwenye jalada hilo ni la nani? Ni lako na la wanao. Sitaki wajukuu wangu waonyeshwe babu mwendawazimu, kisha wapewe babu wa kweli kama nyongeza."

Corbin aliondoka bila saini, mkate wake kwenye karatasi. Kwa siku kumi na moja Sanna alimnunia mama yake, akisema amemzika baba mara ya pili. Lorna alipika, akaenda kanisani, akasafisha theluji ya ngazi mwenyewe. Usingizi ulimpungukia, lakini hakupiga simu.

Siku ya kumi na mbili Corbin alipiga yeye. Alikuwa ameisikiliza ile sauti nene kichwani safari nzima ya kurudi, alisema, na amegombana na kila mtu ofisini. Wamekubali itoke ile nene peke yake. Lorna akatia saini, akawapa kanda.

Santuri ilitoka mwezi Mei, barafu ilipokwisha ziwani. Barua za hasira zikaja. Moja ilitoka kwa kijana wa Portland: kwa miaka tisa sauti ile ilikuwa imemshika mkono, na sasa mjane mmoja mkaidi amemnyang'anya.

Lorna aliisoma amesimama, kisha akaketi kuijibu kwa mkono, kwa mwandiko ule wa ubaoni.

"Bwana mdogo," aliandika, "pole kwa dhati. Lakini sauti unayoililia haikupata kumtoka mtu yeyote. Hii niliyokupa ndiyo iliyoniposa. Isikilize tena, taratibu."

Akatia stempu, akaipeleka posta kwa miguu.