Kikombe cha Bati cha Mama

Mama alifanya kazi ya serikali hapa Walikale, ofisi ya mambo ya jamii, tangu sijazaliwa mpaka alipostaafu. Kazi yake hasa ilikuwa kugombana. Aligombana na machifu, wakuu wa shule, wauguzi, ili Wambuti wa msituni wapate shamba, dawati na dawa kama watu wengine. Alipofika kwao hakuanza na hotuba. Alitoa kikombe chake cha bati, akaomba kasiksi, pombe yetu ya ndizi, akanywa, akampa aliyekaa pembeni yake. Huku kwetu watu husali na Mmbuti kanisa moja, lakini kunywa naye kikombe kimoja, hapana. Mama wadogo, yaani dada zake, walimcheka mpaka uzeeni.

Alipofariki mwaka jana, matanga yalikuwa uani kwetu. Mama wadogo waliniambia mapema kuhusu Wambuti, "Bale bakikuja, bakae ku jikoni."

Nilikasirika, ila sikutaka ugomvi mbele ya maiti. Nikaenda sokoni nikanunua vikombe vipya vya plastiki, vizuri, vya wageni hao tu. Nilijiona nina akili kumshinda Sulemani: watakaa mbele na wote, wataheshimiwa, na mama wadogo watanyamaza.

Walikuja kwa miguu, kwa njia ya Hombo. Niliwakalisha mbele, nikawamiminia. Mama mmoja mzee, rafiki wa Mama wa siku nyingi, alikigeuzageuza kikombe chake. Akatazama vikombe vya wengine, vya zamani, vikipita mkono kwa mkono. Akakiweka chini taratibu.

"Hii njo ya sisi tu?"

"Iko mupya, Mama," nikasema. Jibu la kijinga, na nilijua.

Akafungua kitambaa, akatoa kikombe cha bati, kile tulichokitafuta nyumba nzima wiki ile.

"Mama yako aliachaka kikombe yake kwetu," akasema. "Tumeirudisha."

Akajimiminia mwenyewe, akanywa, akaninyooshea.

Nilinywa. Mpaka leo watu hunisifu, eti mtoto wa nyoka ni nyoka, nimemfuata mama yangu. Naona aibu kila wakisema hivyo. Kabla ya kunyoosha mkono niliwatazama kwanza mama wadogo, na yule mzee aliniona nikiwatazama.