Mashine Iliyovuta Moshi wa Jikoni

Mimi ni mwanamke ninayekoroma. Nalisema mapema ili tusisumbuane. Kijijini kwetu, juu ya Lushoto kwenye njia ya kwenda Shume, mwanamume akikoroma watu husema kazi imemchosha; mwanamke akikoroma watu hucheka mpaka wanashika mbavu. Kwa miaka mingi nilikataa kulala ugenini. Kwenye misiba nilikesha nikiimba, si kwa uchungu peke yake, bali kwa kuogopa kulala mkekani na wanawake wenzangu wakanisikia. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nusura kiniumbue, maana haikuwa kukoroma tu. Katikati ya kukoroma pumzi zilikuwa zinakatika. Nanyamaza, kifua hakiendi, halafu nashtuka kama mtu aliyeopolewa mtoni.

Aliyeligundua hilo ni mume wangu. Yeye ni seremala, anapasua mbao kwa msumeno wa umeme kwenye karakana moja upande wa Magamba, mtu wa maneno machache na vipimo vingi. Alimpigia simu binti yetu, ambaye ni muuguzi Dar es Salaam, naye akanipeleka kwa daktari. Nikalazwa usiku mmoja na nyaya kichwani, asubuhi nikaambiwa koo langu hujifunga nikilala. Nikapewa mashine ya kupumulia: kisanduku kinachosukuma hewa kupitia mpira mrefu mpaka kwenye barakoa ya puani. Usingizi nilioupata mwezi ule sikuwahi kuupata hata utotoni. Nilirudiwa na akili zangu zote. Nilianza hata kugombana na wanunuzi wa karoti sokoni, jambo ambalo zamani sikuwa na nguvu nalo.

Miaka mitano baadaye, wakati wa masika, mashine ikapiga yowe, ikanuka kama waya unaoungua, ikazima. Tulidhani umeme umekatika. Tulipotazama juu, taa ilikuwa inawaka.

 Mume wangu alikwenda kwenye sanduku lake la vifaa akarudi na uzi, ule ambao maseremala huupaka rangi ya bluu ili kupigia mstari kwenye ubao. Ncha moja akaifunga kwenye kifundo cha mkono wangu, nyingine akaizungushia kidole chake.

"Pumzi zikikatika, nakuvuta," alisema.

"Kama mbuzi?"

"Mbuzi hakoromi."

"Na wewe utalala saa ngapi?"

"Mashine nyingine ikipatikana."

Alifanya hivyo kweli. Kila nikinyamaza, anavuta. Nikishtuka na kuanza tena kupumua, anangoja ukimya mwingine. Asubuhi mimi niliamka na kifundo chenye rangi ya bluu, yeye aliamka na macho mekundu, akanywa chai ya tangawizi vikombe viwili akiwa amesimama, akaenda kazini. Mchana nilipokuwa napanga karoti sokoni niliwaza jambo moja tu: macho yale mekundu yako mbele ya msumeno.

Wiki ya tatu alirudi na sweta lake limechanika mkono wa kushoto, kutoka kwenye kifundo hadi karibu na kiwiko. Halikuchanika kwa msumari. Lilikatwa, tena limekatwa vizuri, mstari umenyooka.

"Nilisinzia kidogo," alisema. "Sweta lenyewe lilikuwa kuukuu."

"Na mkono nao ni kuukuu?"

 Nilimkasirikia yeye, nikaukasirikia msumeno, na zaidi ya vyote nikalikasirikia koo langu. Nilimwambia apumzike nyumbani. Akasema kuna madawati ya shule hayajakamilika na ameshatoa ahadi. Nilimwambia basi aache kunilinda, nitajilinda mwenyewe. Akanitazama kama mtu anayesikia upuuzi kanisani, akaenda kuosha miguu.

Siku ya pili niliifunga mashine kwenye kanga, nikaitia kapuni, nikashuka hadi Tanga kwa fundi wa vifaa vya hospitali ambaye binti yetu alinielekeza. Alikuwa baba mmoja mnene mwenye miwani, mstaarabu sana. Aliniuliza habari za Lushoto na baridi yake, akachukua bisibisi. Alifungua kifuniko. Akasogea nayo dirishani. Akaniita nije nione.

Ndani kulikuwa kweusi kama kitako cha sufuria.

"Mama, samahani," alisema. "Mchana mashine hii ulikuwa unaiweka wapi?"

"Darini."

"Dari ipi?"

"Ya jikoni. Juu ya mafiga."

Ni lazima nieleze, maana huko pwani hawajui. Kwetu milimani, dari ya jikoni ndiyo benki. Mbegu za mahindi zinakaa pale, za maharage zinakaa pale, na moshi wa kuni unapanda kutwa nzima kuzilinda zisibunguliwe na wadudu wala zisiote ukungu. Bibi yangu aliweka pale, mama yangu aliweka pale. Kitu chako cha thamani ukikiweka sehemu nyingine yoyote, unyevu wa Usambara utakila. Sasa nimepewa kitu cha thamani kuliko vyote nilivyowahi kumiliki, ningekiweka wapi? Kila asubuhi kwa miaka mitano nilikifunika kwa kanga safi nikakipandisha darini, karibu kabisa na mbegu bora, nikijisifu kwamba mimi ni mtunzaji.

Fundi alivua miwani. Alijitahidi asicheke, naona alijitahidi kweli, lakini tumbo lilimsaliti.

"Mama, umeikausha kama samaki!"

"Mbona mahindi hayajaharibika hata siku moja?" nilimjibu kwa ukali.

"Mahindi hayavuti hewa, mama. Mashine hii kazi yake ni kuvuta. Masizi yote yaliyotua juu yake mchana imeyavuta ndani usiku. Kichujio kimeziba, mota imeungua. Haitengenezeki."

Nilitaka kukasirika zaidi, nikashindwa. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kisha nikajiuliza na mimi nimevuta masizi kiasi gani pamoja nayo, kicheko kikapungua. Nikampigia binti yangu nikamweleza yote. Alisema neno moja tu, "Mama!", kwa sauti ile ile ninayoitumia mimi nikimkemea.

Habari za hela sitazisimulia, zilipatikana. Binti alipeleka vyeti vyangu kwa daktari, wakachagua mashine mpya, ikapangwa nguvu ya hewa inayonifaa, ikafungwa kwenye boksi na kupandishwa basi la Lushoto. Basi lilitarajiwa saa kumi. Mimi saa nane nilikuwa nimeshafika stendi, nimevaa gauni la kanisani. Kila gari lilipopiga kona pale chini nilisimama. Moyo ulikuwa unanienda mbio kama msichana anayengoja barua ya posa, na nina wajukuu. Basi lilipofika nikampita kila mtu kwenye foleni, kwa kuomba radhi lakini nikawapita. Karani wa mizigo alinitazama nilivyolikumbatia lile boksi.

"Mama, kuna nini humo?"

"Usingizi wa mume wangu," nilimwambia, nikaondoka bila kueleza.

Nyumbani tulinawa mikono kabla ya kulifungua. Mashine ilikuwa ndogo kama mkate, nyeupe, na kioo chake kinawaka maandishi. Barakoa haikuwa ile kubwa iliyoniacha na alama usoni kama mtu aliyelalia mkeka. Hii ilikuwa mito miwili midogo laini, kama ya kulalia, inayokaa chini ya pua. Mume wangu aliipima mashine kwa futi urefu na upana. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema. Nilikuwa na furaha kiasi kwamba nilishindwa kula.

Usiku ule wa kwanza nisiudanganye ulimwengu, ulikuwa balaa. Mashine ya zamani ilinguruma kama pikipiki inayopanda mlima. Mume wangu alikuwa anajua ninapumua kwa sababu ile ilinguruma. Hii mpya haisemi. Hewa inaanza polepole, inaongezeka polepole, na nikapotea usingizini kama mtoto mgongoni. Yeye akasikia kimya. Kimya kwake kilikuwa na maana moja. Akavuta uzi! Nikashtuka, nikafungua mdomo kumuuliza nini, hewa yote ikatokea mdomoni na kunipulizia mashavu. Tukalala. Akavuta tena. Sijui alinivuta mara ngapi, lakini alfajiri nilikuwa tayari kumfunga yeye kwenye kitanda kwa uzi huo huo.

"Napumua!" nilimwambia. "Ni mashine ndiyo imefundishwa adabu!"

"Nitajuaje?"

Usiku wa tatu kukaja tatizo jingine. Ulikuwa mwezi wa sita, ukungu umeingia hadi sebuleni, na hewa yenye unyevu ikipita kwenye mpira ilipoa ikawa maji. Mpira ukaanza kulia glo-glo-glo, tone likanidondokea puani. Niliota nimetumbukia mtoni. Binti akasema kwenye simu tupunguze mvuke ambao mashine hii huuchanganya na hewa na tuuvishe mpira kitu cha joto. Mume wangu akalitoa lile sweta lililokatwa, akachukua mkasi na kuuondoa mkono wa kulia uliokuwa mzima.

"Mmoja umeshakufa, mwingine unangoja nini?" alisema, akauvisha mpira, mimi nikaushona usichomoke. Glo-glo-glo ikaisha siku hiyo hiyo.

Akatengeneza pia kabati dogo la mbao lenye mlango, pembeni ya kitanda, na akatoa amri: jikoni mashine isikanyage. Nilikubali, ingawa wiki nzima ya mwanzo mikono yangu yenyewe ilikuwa ikiichukua asubuhi na kuanza safari ya mafigani. Siku moja nilijikuta nimeshaweka mguu kwenye ngazi ya darini. Nilirudi chumbani mbio, nikatazama kama kuna aliyeniona.

Kulikuwa bado na jambo moja, na ndilo lililoniumiza. Mume wangu alikuwa hajalala. Nilikuwa najaza usingizi kama mtu anayejaza gunia, yeye macho bado mekundu, na msumeno bado uko pale pale. Nilimwomba, nikamgombeza, nikamnunia siku mbili, jambo ambalo kwa kawaida linafanya kazi. Hakubadilika. Ni binti aliyemweleza kwamba asubuhi ukibonyeza kioo kinakuonyesha pumzi zilikatika mara ngapi kwa kila saa. Hapo nikaona masikio yake yanasimama. Fundi haamini jicho, huwa anasema, fundi anaamini kipimo.

Tangu siku hiyo, kabla ya shikamoo ya mtu yeyote, alivaa miwani akasoma kioo, akachukua penseli kutoka nyuma ya sikio na kuandika namba kwenye mlango wa kabati. Kumi na moja. Saba. Saba tena, akakunja uso. Nne. Mbili. Siku ya namba mbili aliisoma mara tatu, akafuta kioo kwa kanga yangu, akaisoma tena. Usiku wake aliuviringisha ule uzi akaurudisha kwenye sanduku la vifaa. Nilipiga vigelegele peke yangu mle chumbani.

Lakini uzi aliuacha, kulinda hakuacha. Nililala nikimwona amelalia ubavu, amenielekea, macho wazi gizani. Nikiamka, yuko vile vile. Miaka ishirini na minane ya ndoa, ndipo nikajiuliza kitu ambacho sikuwahi kujiuliza: hivi mtu huyu, mimi nimewahi kumwona amelala?

Halafu ikaja asubuhi ya Jumatano. Niliamka kumeshapambazuka, mwanga umejaa dirishani, na masikioni nasikia mngurumo. Mngurumo mkubwa wa kukwaruza, unapanda, unakatikia juu, unashuka.  Nikajua imeungua, mashine imeungua tena, sasa tutafanyaje. Nikaishika. Ilikuwa baridi na imetulia, inapuliza taratibu kama kawaida yake. Mngurumo ukarudi. Ulikuwa unatoka upande wa pili.

Mume wangu alikuwa amelala chali, mdomo wazi, mikono imetupwa huku na huku kama ya mtoto. Anakoroma! Anakoroma vibaya kuliko nilivyosingiziwa mimi maisha yangu yote. Nilicheka, hewa ikanitoka kila upande ikipiga mluzi, na huku nacheka machozi yananitiririka mpaka kwenye barakoa. Nilihesabu pumzi zake. Hazikukatika hata moja. Nilikaa pale na kumsikiliza, na nilifurahi kuliko siku ya stendi, kuliko siku ya harusi yetu, maana siku ya harusi nilikuwa na wasiwasi.

Muda wa kazi ukafika, ukapita. Wenzake wa karakana walisimama barabarani kwenye ukungu, wakaita kama wanavyoitana wanaume wa Kisambaa, "Mgosi! Mgosi we!" Nilijifunga kanga nikatoka mbio hadi uani, kidole mdomoni.

"Shikamoo mama. Mgosi yuko wapi?"

"Marahaba, na punguzeni sauti," nikawaambia. "Leo haji kazini. Amelala."