Tangi la Mzee Januari

Ramani ya nyumba ilimfikia Aika Jumatatu, saa nne asubuhi, akiwa katika ofisi ya shule ambako kwa miaka kumi na tisa amekuwa akichapa barua za wakuu wa shule wanaokuja na kuondoka. Aliifungua kwenye simu, akaikuza kwa vidole viwili, akaipitia polepole. Vyumba vinne, sebule, baraza pana linalotazama bondeni. Nyuma ya jiko palikuwa na mnara wa chuma, na juu yake simtanki la lita elfu mbili. Kisha kidole chake kikafika upande wa chini wa nyumba ya zamani, mahali penye tangi la mawe alilojenga baba yake, marehemu mzee Januari. Mdogo wake, Anold, alikuwa amepachora alama nyekundu ya kosa, kama ya mwalimu daftarini, na kuandika maneno mawili: livunjwe, maegesho.

Anold alikuwa Hamburg, mwaka wa kumi na moja sasa, na mkewe na watoto wawili. Aliamua kujenga Kibosho, kwenye kihamba cha baba, shamba la ukoo, ili mama yao ahamie nyumba isiyopitisha baridi na yeye mwenyewe apate pa kufikia. Msimamizi alikuwa Aika. Fundi Sylvanus alishatumiwa ramani ileile, na chini yake agizo: kazi ianze Jumamosi, na ianze kwa kuvunja tangi ili lori la mawe lipate njia.

Aika aliizima simu. Alikuwa na siku tano.

Tangi lenyewe halikuwa la kujivunia. Lilikuwa duara la mawe ya mtoni yaliyopigwa lipu, refu kumpita mtu kidogo tu, lenye mfuniko wa bati na ufa uliozibwa mara tatu na bado ukatoa jasho kila masika. Lakini ndilo lililowalea. Maji ya bomba la kijiji huja Jumanne na Ijumaa, yakipenda. Maji ya paa yaliyolala mle ndani hayakuwahi kumuuliza mtu leo ni siku gani. Na kila mwisho wa Februari, kabla ya mvua, Aika ndiye aliyeshuka ndani kwa ngazi kusugua matope, kwa kuwa tundu la juu lilikuwa dogo na yeye alikuwa mwembamba. Alianza akiwa na miaka kumi. Sasa ana arobaini na mitano, mumewe alishakwenda zake Arusha wala hakurudi, na bado anashuka. Mle ndani sauti humrudia mtu ikiwa nzito kuliko ilivyotoka. Kuna mwaka alifikiri kwamba hapakuwa na mahali pengine duniani palipokuwa pakimjibu.

Sababu ya tangi hilo kujengwa Anold hakuijua, maana hakuwa amezaliwa. Mwaka wa themanini na tano mama yao, Veronika, alikuwa na mimba ya miezi sita. Maji yalitekwa mtoni, chini bondeni, na njia ya kupanda ilikuwa na utelezi. Aika alikuwa na miaka sita, akifuata nyuma na kindoo chake kichwani. Mama aliteleza, ndoo ikaenda kivyake, yeye akabaki amekaa kwenye majani, ameshika tumbo.

"Nenda kamwite baba yako," alisema.

Aika alikwenda. Lakini alikuwa ameambiwa asubuhi ile, kama alivyoambiwa kila asubuhi, asimwage maji. Basi hakukitua kile kindoo. Alipanda nacho kichwani, hatua kwa hatua, mpaka nyumbani, na halikumwagika tone. Mtoto alipotea jioni ileile. Baba hakusema mengi. Mwezi uliofuata alianza kukusanya mawe, na alipomaliza aliandika mwaka kwa msumari kwenye lipu mbichi. Hakuna aliyewahi kumuuliza Aika kwa nini hakukimbia, na swali lisiloulizwa halina siku ya kujibiwa. Alichoweza kufanya ni kulisugua tangi lile kila mwaka, vizuri, mpaka mawe yang'ae.

Kumwambia Anold mambo hayo kwa simu hakuweza. Akaamua kumshika kwa hesabu ya maji.

Jumanne jioni alimkuta mama yake barazani, anachambua maharage kwenye ungo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuta maji bombani?"

"Yametoka kwa saa moja, yakakatika. Mama, nihesabie watu wa Desemba."

"Desemba ipi tena?"

"Ile iliyopita. Waliolala hapa Krismasi."

Mama Veronika ana miaka sabini na sita na anapenda kazi yenye mwisho. Akaanza kutenga maharage pembeni, moja moja. "Anold na wake, wanne. Dada yako wa Mwanza na mumewe na watoto, saba."

"Watoto wake ni wanne, mama. Hao ni sita."

"Na yule msichana wao wa kazi, haogi? Saba. Baba yako mdogo wa Dar, wale wa gari jeupe, weka tisa. Walishuka kama kuku kwenye tenga." Akaendelea hivyo, akicheka peke yake kila alipomkumbuka mmoja, mpaka kwenye ungo pakawa na kilima cha maharage thelathini na moja. "Na pombe ya mbege?"

"Mbege hailali kitandani, mama."

"Lakini yenyewe inakunywa maji kabla sisi hatujainywa. Andika. Na utumbo wa mbuzi unauosha na mate?"

Aika aliandika.

Jumatano Anold alipiga mwenyewe, amechangamka. "Dada, umeiona? Safi, eti?"

"Nzuri. Maji umewapigia watu wangapi?"

"Wanne. Lita mia na ishirini kila mtu kwa siku, kwa hiyo elfu mbili ni siku nne, na bomba linatoka mara mbili kwa wiki. Hiyo imepigwa na kompyuta, dada."

"Kompyuta imewahi kulala Kibosho Krismasi?"

Anold alicheka.

"Sikia. Tarehe ishirini na sita Desemba, uliogea nini?"

"Kikombe."

"Kikombe cha nini?"

"Cha chai. Na mwenzangu alijipaka mafuta tu, tukaenda kanisani."

"Mlikuwa thelathini na mmoja. Siku zile bonde zima limerudi nyumbani, kila koki imefunguliwa, wiki nzima hatukuona tone. Nyumba yako miezi kumi na moja itakuwa na mama peke yake, na mwezi mmoja itakuwa na ukoo. Wewe umeijenga ya huko kwenu."

"Kwetu ndiyo wapi sasa, dada?"

Alilisema kama mzaha. Hakuna aliyecheka. Aika akasikia, nyuma ya sauti yake, bomba la jikoni kwa Anold likichuruzika bila mtu kulijali, kisha likafungwa.

Akamsomea hesabu yake: watu thelathini na mmoja, lita sitini kila mmoja, siku kumi na mbili, tayari elfu ishirini na mbili zimepita, ongeza mbege, ng'ombe na wageni wa mchana. Thelathini elfu, si pungufu. Tangi la zege, lichimbiwe ardhini, lipokee mvua ya mapaa yote mawili, na pampu ndogo ipandishe kwenye simtanki. Anold alipiga mluzi, akauliza hili na lile, mwisho akakubali.

"Na la mzee tuliache, lisaidie," Aika alisema haraka.

"Kama halizuii kitu, liache. Fundi atafute mahali."

Usiku ule alilala vizuri. Alijiona ameshinda.

Ijumaa alasiri Sylvanus alikuja na mtaimbo na kofia yake ya sufu isiyovuliwa hata jua likiwaka. Ni mtu wa miaka hamsini hivi, amejenga nusu ya nyumba zinazofungwa kwa kufuli mpaka Krismasi pale kijijini. Alipoonyeshwa hesabu ya Desemba alitikisa kichwa kwa kuridhika.

"Hii ndiyo hesabu ya Mchagga. Nimejenga nyumba ya vyoo vitano hapo juu, anaishi mlinzi na paka. Krismasi wanapanga foleni." Akatema pembeni. "Na tangi tunaanza nalo, dada Aika, kabla ya msingi. Zege linakunywa maji kuliko ng'ombe. Nyumba ikianza kabla ya tangi, utawabebesha akina mama ndoo miezi minne."

Walizunguka kihamba chote. Kila alipofika mahali alisimama, akadunga mtaimbo, akasikiliza. Mbele ya nyumba mtaimbo ulilia: mwamba. Upande wa juu palikuwa na kaburi la mzee. Kando ya migomba ulipita mfongo, mfereji wa wazee unaoshusha maji kutoka msituni kwa zamu, na hakuna mwenye akili anayechimba karibu na mfongo wa watu. Wakarudi walikoanzia. Sylvanus alitazama paa la nyumba ya zamani, akatazama kamba zilizopanga nyumba mpya, kisha akagonga ukuta wa tangi la mawe kwa kiganja.

"Ni hapahapa. Mzee Januari alikuwa na jicho. Maji ya mapaa yote mawili yanashukia hapa yenyewe, na chini ni udongo mtupu. Mahali pengine hakuna."

Hesabu ya Aika mwenyewe, maharage thelathini na moja, ndiyo iliyolimaliza tangi.

"Mbona umenyamaza kama umeletewa msiba?"

"Nipe mpaka kesho asubuhi, fundi."

"Kesho saa mbili vijana wangu wako hapa, dada yangu. Nikiwarudisha wanakwenda kazi ya mtu mwingine, na masika hayo yanakuja."

Asubuhi ukungu ulikuwa bado umekaa kwenye migomba. Vijana wawili walisimama na nyundo, Sylvanus akimtazama Aika, na Aika amesimama mbele ya tangi. Mama Veronika akatoka na fimbo yake, shuka begani.

"Shikamoo, bibi," walisema wote.

"Marahaba, wanangu. Mnangoja nini?"

"Tunamngoja dada," alisema Sylvanus.

Mama alimtazama binti yake kwa muda. Kisha akamshika mkono, wakaenda mpaka upande wa nyuma wa tangi, mahali ambapo mwaka bado ulisomeka kwenye lipu.

"Waache wavunje."

"Mama, hili ni la baba."

"Najua ni la nani. Baba yako alilijenga akidhani ananifariji. Miaka yote hiyo nikichota hapa namkumbuka yule mtoto. Sikuwahi kumwambia, angeumia. Mimi nataka maji, Aika. Yawe mengi, na yasiwe na kitu cha kunikumbusha."

"Mimi sikukimbia, mama."

"Nini?"

"Siku ile. Ulinituma kwa baba. Nilikuwa na kindoo, sikukitua. Nilitembea."

Mama Veronika alionekana kutafuta kitu mbali kidogo. "Uliponiletea baba yako, nyumba haikuwa na maji hata ya kunawa," alisema. "Ndoo yangu ilimwagika yote njiani. Waliponipandisha, bibi yako alinisafisha kwa yale yako. Hayo ndiyo yaliyokuwepo." Akaisogeza shuka begani. "Ungekimbia, mtoto angepotea vilevile. Alishaondoka palepale kwenye majani, nilimsikia. Wewe ulikuwa hujui hilo?"

"Hujawahi kusema."

"Hujawahi kuuliza."

Upande wa pili Sylvanus alikohoa kwa adabu. Kisha Aika akazunguka tangi na kumwambia aanze.

Mawe yalitoka mazima. Lipu ndiyo iliyokuwa imezeeka. Sylvanus alikitenga kipande chenye mwaka, akauliza kiwekwe wapi. Aika alimtazama mama, mama akaonyesha shimo kwa fimbo. Kikalazwa chini kabisa, mawe ya mzee yakapangwa juu yake, kisha kokoto, nondo na zege.

Kazi ya tangi ilikwisha wiki ya pili ya Machi, nyumba mpya ikiwa bado ni kamba na vijiti. Mfuniko wa tangi ni mpana, na ngazi ya nondo imejengewa ukutani. Kulisafisha ataweza yeyote. Sylvanus alimwomba Aika ashuke kulikagua. Alishuka bila kujibana. Akasimama katikati, kwenye harufu ya saruji mbichi, akangoja kuona kama ana la kusema. Hakuwa nalo. Akafagia vumbi la mbao za fundi, akapanda juu.

Mvua ya kwanza ilianguka Alhamisi, mchana. Aika alikuwa amelivuta pembeni bomba linaloshuka kutoka paa la nyumba ya zamani, maana maji ya mwanzo huosha bati, yanakuja na vumbi na majani na mavi ya ndege. Alilishika hivyo, kanga ikilowa, maji ya kahawia yakikimbilia kwenye migomba.

"Usiwe na haraka," mama alisema kutoka barazani.

"Sina haraka."

Maji yakawa ya kijivu, kisha meupe. Aika akalirudisha bomba mahali pake, na mlio ukabadilika, ukaingia chini ardhini. Simu yake ilikuwa kwenye kiti barazani, Anold akiwa hewani tangu mvua ilipoanza, akisikiliza tu.

Jioni mama aliomba kikombe cha maji yale. Akaonja, akayazungusha mdomoni, akameza.

"Bado yana saruji."

"Yataisha, mama."

"Mimi nayanywa hivyohivyo," alisema, akanyoosha kikombe aongezwe.