Swichi ya funguo iligoma Nyololo, na baba mkwe yuko siti ya nyuma

Wakuu, salaam kwenu na poleni na majukumu.

Haya yamenikuta mimi mwenyewe, sijaongeza chumvi. Mwenye wazo kwamba mwanamke hawezi kufungua usukani wa gari, namuomba asome kwanza.

Naishi Ilomba, Mbeya. Natoa mchele Chimala, nauza mjini. Chombo changu ni pickup ya zamani, double cabin, ya petroli. Ikiumwa naifungua mwenyewe, ndiyo maana tunaelewana.

Sasa baba mkwe alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Akapata nafasi ya upasuaji Iringa, kwa madaktari wanaokuja kwa muda tu halafu wanaondoka. Ukikosa siku yako hujui watarudi lini. Mume wangu yuko kazini Dodoma, so dereva ni mimi.

Hapa niwaeleze wasio wa huku. Kwa mila ya zamani ya sisi Wanyakyusa, mke wa mtoto na baba mkwe hawakaribiani. Hamuangaliani usoni, hamli pamoja, hata njiani mnapishana kwa mbali. Wengi siku hizi wameacha, ila huyu mzee anaishika. Tangu niolewe, neno lake lolote kwangu lilikuwa linapitia kwa mama mkwe au kwa mume wangu.

Kwa hiyo safari tuliipanga hivi: mama mkwe mbele na mimi, mzee nyuma, na kioo cha ndani nikakigeuzia juu.

Chimala tukasimama kunywa chai. Kuwasha tena, nikaona funguo inarudi kivivu. Kawaida ukishawasha, ukiachia, inaruka yenyewe. Hii ikabidi niisaidie kwa vidole. Nikajua swichi inaanza, nikasema sizimi tena mpaka Iringa.

Lakini mafuta hayakubali mipango ya mtu. Nyololo ikabidi niingie sheli, na sheli lazima uzime.

Kwa kuwa sikuiamini tena, nilimuomba muuza mafuta anisaidie kuisukuma mpaka nje kabisa, mbali na pampu, ndipo niwashe. Namshukuru Mungu kwa wazo hilo.

Gari likawaka. Nikaachia funguo. Haikurudi.

Starter ikaendelea kulia pamoja na injini, mlio wa chuma kusaga chuma. Nikairudisha kwa nguvu, ikagoma. Harufu ya waya kuungua ikaanza kuingia ndani.

"Mama, shukeni," nikasema. "Mshike Baba mkono, msogee mbali."

Nikafungua boneti, nikachukua spana namba kumi, nikalegeza terminal ya negative ya betri na kuing'oa. Cheche kidogo, starter ikanyamaza, injini ikakohoa na kuzima. Najua mafundi mtasema kung'oa betri injini ikiwaka kunaua alternator. Ni kweli. Ila kati ya alternator na moto, nilichagua.

Jamaa mmoja wa bodaboda akaja na ushauri: tukate waya, tuweke kitufe cha kubonyeza, twende. Nikamshukuru, nikakataa. Waya za swichi hiyo ukizikosea, gari linakuzimikia mteremkoni.

Nikafungua kava za chini ya usukani. Nyuma ya pale unapochomeka funguo kuna swichi yenyewe ya umeme, imeshikwa na skrubu ndogo. Nikaitoa. Kisha nikazungusha funguo bila swichi. Ikazunguka laini kabisa. Maana yake kitasa ni kizima, ugonjwa uko kwenye swichi.

Kuifungua, grisi ya ndani imekauka imekuwa kama lami, na spring ya kurudisha imenasa humo. Nikasafisha kwa kitambaa chenye petroli kidogo, nikapiga msasa mahali palipoungua, nikapaka grisi mpya.

Kazi ikawa kuifunga. Spring inataka mtu aikandamize huku mwingine anabana kifuniko. Mama mkwe akajaribu, mikono yake inatetemeka, spring ikaruka. Tukaitafuta kwenye majani. Akajaribu tena, ikaruka tena. Muda unakwenda, na Iringa bado mbali.

Nikasikia sauti nyuma yangu.

"Mama Tumaini. Nipe nishike mimi."

Nilibaki nimeinama. Mzee hakuwahi kuniita kwa mdomo wake.

Mama mkwe akamuuliza polepole, "Na mila je?"

"Uso wake siuoni, naona ukungu," mzee akajibu. "Wekeni hicho kitu mkononi mwangu."

Nikakiweka. Vidole vyake ni vya mtu aliyelima kahawa maisha yake yote, vigumu kama mbao, havitikisiki.

"Usiachie mpaka niseme, Baba."

"Siachii."

Kifuniko kikakaa. Nikarudisha kila kitu, betri mwisho. Nikawasha. Gari likashika, na funguo ikaruka kurudi mahali pake.

"Imerudi," mzee akasema, kabla hata sijamwambia. Aliisikia.

Iringa tulifika nesi anaita majina ya mwisho mwisho. Jina lake lilishaitwa na kurukwa. Mama mkwe akamsihi, nesi akatutazama tulivyochafuka grisi, akamrudisha kwenye foleni.

Siku ya kutolewa bandeji nilisimama nje ya wodi, kwa heshima. Mama mkwe akatoka.

"Anasema uingie. Anataka akuone."

Nikaingia, nimeinamisha macho. Mzee alikuwa ananiangalia.

"Ndaga fijo, Mama Tumaini," akasema. Ni asante sana, kwa lugha yetu.

Nikapiga goti.

Swichi mpya nilinunua Mwanjelwa tuliporudi Mbeya, maana ile ya kusafisha ni ya kukufikisha tu. Nilichojifunza: funguo ikianza kurudi kivivu, ishughulikie siku hiyo hiyo. Usining'inize rundo la funguo za nyumba nzima hapo, uzito unaiua. Na spana ya terminal ikae karibu na dereva, isizikwe chini ya mizigo.

Kuhusu mila sitoi ushauri, kila nyumba ina yake. Ila mwenye uzoefu wa swichi hizi za zamani, au wa wakwe, uwanja ni wenu. Nasoma zote.