Mwaka Tuliochinja Mara Mbili

Harufu ya mafuta ya kondoo yakidondokea makaa mimi huisikia kabla ya mtu mwingine yeyote nyumbani. Hata kama inatoka nyumba ya nne, pua inaniambia, na uso unajikunja wenyewe. Wajukuu wangu hunicheka, wanasema bibi hapendi nyama. Nyama naipenda, na meno ya kuitafuna ninayo yote, maana niliolewa mapema na binti yangu akaolewa mapema, ndiyo maana nikaitwa bibi kabla ya mvi. Tatizo ni harufu hiyo tu. Mara ya kwanza kuijua ilikuwa inatoka kwa kina Zena, upande wa pili wa ua wetu wa matete, na kwetu chungu kilikuwa na mahindi. Shule nilisoma madarasa matatu, kwa hiyo nitasema ilivyokuwa na sitapamba.

Ilikuwa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, miaka ile ya mwisho ya tisini, sisi tukiwa bado wageni na plastiki ya paa ikiwa bado nyeupe. Tulitoka Kivu ya Kusini kwa miguu, baba, mama, mimi na mdogo wangu wa kiume, ambaye njiani alishikwa na homa mpaka shingo ikalegea. Baba alimbeba mgongoni, na tulipokaribia mpaka akatamka kwa sauti, mama akisikia, kwamba tukifika wote wazima atachinja udhia, mnyama wa Idi kubwa, katika Idi ya kwanza atakayopata mnyama wa kufaa. Tulifika wazima. Watu wengine huchinja Idi kwa kupenda tu, ni sunna, mwenye uwezo anachinja na asiye na uwezo anakaa. Lakini baba alikuwa ameweka nadhiri, na kwake yeye lile lilikuwa jambo la kumtoa usingizini. Wenzetu wengi mtaani walikuwa Wakristo, watu wema, wakimwambia Mungu anajua hali ya mkimbizi. Baba aliitikia kwa kichwa na hakubadilisha neno lake.

Akapata mwanambuzi kwa kulimia mtu shamba, na kazi ya kumchunga ikawa yangu. Mbuzi wa udhia sharti amalize miaka miwili. Kwa hiyo Idi moja ikapita tukiwa tunasubiri, na nyingine ikapita, huku mimi nikivutwa na kamba kutoka kichaka hadi kichaka chini ya jua la Nakivale lisilo na huruma. Ilipokaribia Idi ya tatu baba akamfungua mdomo, akatazama meno, akasema sasa. Nilijiona mkubwa. Nilitembea na mbuzi wangu kama bibi harusi mpaka siku mbili kabla ya Idi, gari la jeshi liliposimama kwa jirani. Shangazi yake Zena alikuwa ameolewa na askari wa kambi ya jeshi ya Makenke, kule Mbarara, na askari huyo akashusha kondoo dume mnene, mkia kama mto wa kulalia. Nilimsikia akimwambia baba yake Zena, "Shemeji, hii kondoo ni yenu. Nyinyi chinja, mimi narudi kazi." Hivyo tu. Kondoo yule alikuwa na mwaka mmoja na ushee, na kondoo wa mwaka mmoja sheria inamkubali. Mimi nilikuwa nimekula vumbi miaka miwili, Zena kaletewa mlangoni. Akaja uani, tulikuwa wa umri mmoja, akamtazama mbuzi wangu akasema, "Mbuzi yenu iko na mbavu mingi kuliko nyama." Nilitamani kondoo wake avunjike mguu, maana mnyama kilema hafai kwa udhia. Nilikuwa nayajua masharti yote ya kumharibia.

Idi ikaangukia siku ya mgao wa chakula. Hapo ndipo ilipokuwa shida. Mgao wa kijiji chetu ulisomwa asubuhi mapema, na jina lako likipita hupo, unasubiri mwezi mwingine. Na shehe alikuwa anatoka mji mdogo wa Kabingo kwa baiskeli, hakuna aliyejua atafika saa ngapi kuswalisha. Baba akaswali alfajiri, akatoka na kisu. Mama akamwambia, akimwita kwa jina langu, "Baba Hadija, bengine banangoja sala." Akajibu, "Jina yetu ikipita, watoto batakula nini? Mungu anaona." Akamlaza mbuzi wangu kuelekea kibla, jua halijachomoza, akamtaja Mwenyezi Mungu, akachinja vizuri bila kumtesa. Mimi nilishika miguu. Nilikuwa na furaha mbaya: tumewatangulia kina Zena. Kondoo wao alikuwa bado anatafuna majani kamba shingoni, na sisi tayari damu imeingia shimoni. Baba akamtundika mbuzi kwenye mti, akanawa, akakimbilia mgao, na akawahi.

Shehe alifika jua likiwa juu, akaswalisha uwanjani, akahutubu, kisha baba yake Zena akachinja mbele ya watu wote. Shehe akapita na kwetu kutupa mkono wa Idi. Akaona nyama imetundikwa imeshakauka juu juu, akauliza ilichinjwa saa ngapi. Baba akamwambia ukweli. Shehe, Mganda mmoja mfupi asiye na maneno mengi, akakaa kwenye kibao.

"Mzee, hii ni nyama," akasema. "Udhia bado."

Akaeleza kwamba wakati wa kuchinja unafunguka baada ya jua kutoka na sala na hotuba kumalizika, na aliyetangulia amechinja kama bucha inavyochinja. Kwa mtu wa kawaida ingekwisha hapo, angekula nyama yake akasubiri mwaka mwingine. Lakini huyu alikuwa mbuzi wa nadhiri. Nyama yake yote itolewe kwa maskini, baba asionje wala sisi tulio chini yake tusionje, na deni la kuchinja bado liko shingoni. Akamaliza kwa kusema siku zinafungwa jua likizama siku ya nne. Baba aliishusha nyama, akaikata, na mimi niliyemchunga nikapewa sinia nizungushe kwa wajane na wagonjwa wa mtaa. Niliporudi na sinia tupu, Mama Zena alikuwa ameleta bakuli. Wao kondoo wao hakuwa wa nadhiri, kwa hiyo walikula, wakatoa sadaka, wakapelekea majirani. Sisi tulikuwa majirani. Nilikula ile nyama. Ilikuwa laini na nilitaka kuitema, na nililamba vidole.

Baba akatoka kwenda Kabingo na baiskeli yake kutafuta mnyama mwingine. Baiskeli ile ndiyo ilikuwa mkono wake wa kulia, alibebea ndizi za wafanyabiashara na kupata chumvi na sabuni yetu. Siku ya pili akarudi mikono mitupu, ya tatu akarudi hivyo hivyo. Mama akaacha kumuuliza. Siku ya nne, jua limeshaanza kulala upande wa vilima, tukamwona anakuja kwa miguu, anavuta kondoo. Baiskeli haikuwepo, na hakuna aliyehitaji kuelezwa. Kondoo alikuwa amechoka, ulimi nje, mbavu zinapanda na kushuka. Watu wakakusanyika, shehe naye akaja, na kila mtu akawa anatazama jua. Baba akaomba maji ya kumnywesha. Dumu letu lilikuwa tupu, gari la maji halijafika tangu jana. Mama akanitazama, na nikajua natumwa wapi.

Nilisimama mlangoni kwa kina Zena nikashindwa kufungua mdomo. Mama Zena akaniuliza nimekuja kulilia nini. Zena akajibu kwa niaba yangu, "Anataka maji na anaona haya." Akachota mwenyewe, akajaza bakuli hadi juu, akatembea nami bila kumwaga, na mimi nilimchukia hata kwa kutomwaga. Kondoo akaanza kunywa, polepole, ananyanyua kichwa, anatazama watu, anarudi kunywa. Baba yake Zena hakuvumilia. "Baba Hadija, chinja! Jua linazama." Baba alikuwa nyuma ya nyumba ananoa kisu, maana kisu hakinolewi mbele ya mnyama. Akajibu kutoka huko huko, "Ile ya kwanza niliikosa juu ya haraka. Huyu atakunywa kwanza." Shehe alitazama kilima, akatazama bakuli. Kondoo alipomaliza baba akaja na kisu kimefichwa kwenye nguo, akamlaza kwa ubavu wa kushoto, akataja jina la Mungu, akachinja mara moja. Jua lilikuwa limebaki ukingo mwembamba kama ukucha. Shehe akasema, "Wakati upo. Mungu apokee."

Huyo naye tukamgawa mzima, hata ngozi na kichwa. Zena alipata maini kutoka kwa mjane mmoja aliyependa kumpa vitu, akayala akiwa amekaa juu ya jiwe mbele yangu. Tulichinja mara mbili, tukala bakuli moja la jirani. Baba alitembea kwa miguu tangu siku hiyo, ndizi kichwani, na hakupata baiskeli nyingine mpaka alipokufa. Kina Zena walipata kondoo wao bure, na mbele ya Mungu huenda thawabu ni sawa. Niliwahi kumuuliza baba hilo. Akaniambia nikateke maji.

Sasa nakaa Nyamitanga, mjini Mbarara, ng'ambo ya mto Rwizi, na Zena yuko nchi ya baridi walikohamishiwa. Kila Idi anapiga simu, anatuma gharama ya kondoo wawili, na mimi ndiye wakili wake wa kusimamia. Nasimamia kweli. Vijana wa machinjioni Mbarara wananiogopa: siruhusu kisu kushuka kabla hotuba haijaisha, siruhusu mnyama mmoja achinjwe mwenzake akimtazama, na anayenoa mbele ya kondoo namfukuza. Wateja wengine hawatazami hata mnyama, wanapokea mfuko wa nyama wanaondoka, na wajukuu wangu wanadhani Idi hutoka kwenye mfuko. Zena naye nampelekea picha, anasema asante dada, fungu lako chukua. Nachukua. Nyama inajaa sufuria mbili.

Na wivu ninao, sitadanganya. Zena ana kondoo wawili kila mwaka na hajawahi kushika kamba ya hata mmoja. Lakini huo umezeeka, haunisumbui sana. Unaonisumbua ni mwingine. Jioni ile ya siku ya nne, wakati mtaa mzima unanukia mafuta ya kondoo wetu, baba alikaa kwenye mkeka akala mahindi ya mgao na chumvi, akaomba aongezewe, akala tena, uso wake umetulia kama wa mtu aliyetoka karamuni. Mimi nakula nyama siku zote nne za Idi. Shibe ile sijaipata, na baba namwonea wivu mpaka leo.