Siku Niliyobadilisha DVD ya Baba

Nikiikumbuka ile Jumamosi natamani ardhi ipasuke inimeze. Chekeni tu, hata mimi huanza hadithi hii nikicheka, ila ikifika mahali fulani naacha kucheka.

Mama alipofariki, Baba alitoka Kitui akaja kukaa nasi hapa Kabiria, akaja na mashine yao ya DVD na CD ya harusi yangu. Kila jioni aliiwasha. Hakuwa na haja na bibi harusi (yaani mimi, ndani ya gauni la kuazima lililonibana nikashindwa hata kula keki yangu). Alingoja pale Mama anaposimama kunipa mawaidha kwa Kikamba, halafu anaimba. Sauti yake hatukuwa nayo mahali pengine popote.

Lakini ile mashine ilikuwa imezeeka vibaya, picha inaganda mpaka uizabe kofi ubavuni ndiyo iendelee, na mwaka mmoja tangu Mama atuache ulikuwa unatimia. Tungefanya maombi nyumbani, pasta aje, na akina mama wa kanisa, wengine wenye magari yao kutoka mtaa wa kitajiri wa Loresho, na Baba aliomba kitu kimoja tu, kwamba wote wamsikie Mama. Nikajiona mbele ya wageni hao nikizaba mashine makofi. Nikasema hapana.

"Peleka kwa fundi," Baba akaniambia. "Usinunue ingine. Hii nimeizoea."

Nikaipeleka tao, katikati ya mji. Fundi akaitikisa, akasema, "Madam, hii ni lens tu, na hii mlango ya CD imekwama. Niachie mpaka Monday." Jumatatu, na maombi ni Jumamosi? Nikavuka barabara, nikaingia duka moja ambapo unaacha yako kuukuu wanakupunguzia bei ya mpya, na mashine ya Baba ikapita nyuma ya kaunta hivyo. Nilirudi nyumbani na maringo yangu yote, nikaificha ile mpya chumbani kwangu mpaka siku ya maombi.

Siku ikafika, nyumba ikajaa. Baba alivaa suti, akaketi mbele kabisa. Nikasimama nikatoa hotuba (nani aliniomba hotuba?), "Wapendwa, leo Mama ataongea nasi mwenyewe," nikafungua kasha lenye picha ya harusi, nikatia CD, nikaongeza sauti hadi mwisho.

Ikatoka miksi ya DJ. Wasichana waliovaa vitambaa viwili vitatu wakainama, wakatikisa makalio mbele ya pasta, spika zinanguruma, na mimi na rimoti mpya hatujuani, nabonyeza hiki picha inakuwa kubwa zaidi, nabonyeza kile wimbo unaanza upya! Kumbe mume wangu alikuwa akificha miksi zake kwenye kasha hilo, kwa vile halikuwa na CD ndani na hakuna aliyelifungua (yeye wakati huo anaangalia dari). Nikang'oa waya ukutani.

Watu wakacheka, nami nikacheka. Baba hakucheka.

"Mwikali, mashine yangu iko wapi?"

"Niliiacha tao, Baba. Nilibadilisha na hii."

"Lakini mama yako ako ndani yake."

Mlango ule wa CD ulikuwa umekwama tangu zamani, na CD haikuwahi kutoka mle. Nililia mbele ya wageni wote, na pasta akafunga maombi haraka haraka.

Jumatatu nilifika dukani kabla halijafunguliwa. "Hizo kuukuu tunafungua tunatoa spea," mwenye duka akaniambia. "CD tukipata ndani tunatupa. Pole sana, mama." Niliomba nipekue pipa lao, lakini takataka zilikuwa zimeshabebwa. Aliyetupiga video naye hakuwa na nakala.

Baba hakunigombeza, na ingekuwa afadhali angenigombeza. Alisema tu kwamba hii mpya ina picha safi, na hajaiwasha hata siku moja. Juzi tukiwa mezani akaniuliza, "Ile wimbo ya mama yako, ubeti wa pili unaanza aje?" Nilijaribu, nikakwama. Nilikuwa nikipita mbele ya hiyo video kila jioni na shughuli zangu, bila kusikiliza.

"Sikumbuki, Baba."

"Hata mimi naanza kusahau," akasema, akaendelea kula.

Nimeapa sitabadilisha tena kitu cha Baba bila kumuuliza. Ila sioni alichobaki nacho.