Memba wa Butiki Hoteli

Waliokuwepo ni hawa. Mimi mwenyewe. Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, aliyekuwa akikaa Kiganjo na ambaye hakuwa amealikwa. Binti yangu kitinda mimba, aliyekuwa akishona mashati katika kiwanda fulani pale Thika. Mama wa kijana aliyetaka kumwoa binti yangu, mkulima wa kahawa kutoka Kirinyaga, mama wa kanisa, kitambaa cheupe kichwani hata akienda kisimani. Meneja wa hoteli, kijana wa tai. Na mlinzi wa geti, mzee Mwislamu wa pale pale Thika, ambaye alinijua miaka mingi. Kijana mwenyewe wa kuoa hakuwepo. Mamake alimwambia abaki kazini, kwa sababu ng'ombe hakaguliwi na mtu ambaye ameshampenda.

Majina yao yote ninayo. Ninayo hata ya babake mlinzi na ya yule mbuzi aliyekuwa akifungwa nyuma ya geti. Lakini sitayaandika hapa. Wengine bado wananitembelea, na wengine watoto wao wamesomea uwakili.

Ilikuwa miaka ya tisini. Mimi nilikuwa naishi Mwihoko, chumba kimoja cha kukodi, na nilikuwa nauza maharagwe Ruiru. Maharagwe yenyewe nilinunua Thika. Malori yalikuwa yanaingia kabla ya jua, na mtu ambaye hakulala Thika alikuta yamebaki yale ya kuvunjika. Kwa hivyo kila wiki nililala kwenye lojingi moja nyuma ya soko, mahali pa wanawake wa nafaka na madereva wa malori. Kitanda changu kilikuwa na shimo katikati, lakini lilikuwa shimo la saizi yangu.

Halafu ile lojingi ikauzwa. Mwenyewe mpya alikuwa ametoka ng'ambo. Akafunga, akagonga-gonga ndani huko, akapaka rangi kama maziwa ya ng'ombe aliyezaa jana, akatoa bucha iliyokuwa mbele, akapanda maua ambayo hata yule mbuzi aliyanusa tu akapita. Akaipa jina jipya. Lilikuwa jina la ua la kizungu, na R na L zilikuwa zimefuatana ndani yake kana kwamba mtu alikaa chini akatafuta namna ya kututega sisi Wakikuyu, ambao ulimi wetu huzichanganya. Wifi yangu alilijaribu mara moja barabarani, watu wakageuka, akasema, "Sisi tutaita tu Nyuma ya Soko."

Chini ya jina waliandika kwamba hiyo ni butiki hoteli. Sasa butiki tunaijua. Ni duka la nguo za watu wenye pesa, na dirishani kuna mwanamke wa plastiki hana kichwa. Hoteli pia tunaijua, ni mahali pa chai na chapati. Nikamuuliza mlinzi, "Na kulala je?"

"Bi mkubwa," akasema, "nguo hawauzi. Chapati hawapiki. Lakini kulala kupo."

"Basi ni lojingi."

"Shh! Neno hilo hata mimi nimekatazwa."

Akanipeleka kwa meneja, akamwambia huyu mama ni wa hapa tangu zamani. Yule kijana akafurahi sana. Akaniandikisha, na wiki iliyofuata akanipa kadi ngumu ya kijani, maandishi ya rangi ya dhahabu, jina langu katikati. Akanishika mkono kwa mikono miwili, akasema, "Mama, kuanzia leo wewe ni memba."

Hapa lazima nisimame nieleze, kwa ajili ya wale ambao si wa upande wetu. Kuanzia Ruiru kupita Juja mpaka Thika, memba si neno la mchezo. Memba ni mtu aliyetoa hisa kwa kampuni ya kununua mashamba. Memba huitwa mkutano. Husimama juani akampigia mwenyekiti kelele, na siku ya kura akatia mkono kwenye kofia akatoa karatasi ya ploti yake. Memba wa kahawa ana namba yake pale wanapopima. Memba wa kikundi cha akina mama hungoja zamu yake ya kupewa pesa, na zamu hufika. Kwa hivyo huyu kijana wa tai aliponiita memba, nilielewa vile mtu yeyote mwenye akili timamu angeelewa. Na niliona ni haki. Nani alikuwa amekaa pale miaka mingi kuliko mimi?

Nikamuuliza, "Na mkutano ni lini?"

"Mkutano upi, mama?"

"Wa memba."

Akacheka kwa adabu. "Tutawajulisha."

Wenyeviti wote husema hivyo hivyo, kwa hivyo nilizidi kuamini.

Sasa nilikuwa na shida yangu nyumbani. Mama wa yule kijana alikuwa hajakubali ndoa. Kwa binti yangu hakuwa na neno. Neno alikuwa nalo na sisi. Alikuwa amesikia kwamba hatuna shamba, kwamba ni watu wa kukodi, akamwambia mwanawe, "Huwezi kuoa kwa watu ambao wakiitwa hawajui wataitikia kutoka wapi." Binti yangu aliniletea maneno hayo na macho yamefura. Alimpenda yule kijana, na hakuwa msichana wa kupenda-penda. Mama wa kijana alikuwa amesema atakuja mwenyewe atuone kwanza, na akirudi ndiyo aseme kama atatuma wazee au hatatuma.

Kirinyaga si hapa. Lazima angelala. Na chumbani kwangu akilala yeye, mimi ningelala ndani ya gunia? Lakini ile kadi ilikuwa na ahadi, kwamba kwa sherehe ya kufungua upya, memba anaweza kuja na wageni, walale usiku mmoja na chai ya asubuhi, bila kulipa. Nikamwambia binti yangu tutampokea mkwe kwetu.

"Kwetu wapi, Mami?"

"Pale mimi ni memba."

Akanitazama. "Mami, tafadhali. Ongea kidogo tu."

"Mimi nitaongea kidogo. Wewe omba Mungu shangazi yako asisikie."

Shangazi yake alisikia. Jioni ile tulipofika kwa geti na mkwe wetu, wifi yangu alikuwa tayari amesimama pale na viatu vyake vya harusi. Mlinzi akafungua geti, akapiga saluti, akasema vile alivyofundishwa kumwambia kila mtu aingiaye, "Karibu nyumbani, bi mkubwa."

Mkwe akasimama. Akatazama ukuta, akatazama maua, akanitazama mimi.

"Nyumbani?"

"Mimi ni memba hapa," nikasema. Kidogo tu, kama nilivyoahidi.

"Memba! Hapa mjini?"

"Tangu zamani."

"Tangu ikiwa na bucha," wifi yangu akaongeza, na hakuna mtu alikuwa amemuuliza.

Niliona uso wa yule mama ukilegea kama unga ukimwagiwa maji ya moto. Binti yangu pia aliona. Alinifinya mkono, na sikujua kama ni wa furaha au wa kuninyamazisha.

Tukaingia chumbani. Ukutani walikuwa wameangika jembe. Jembe kabisa, na mpini wake, na taa ndogo ya kulimulika. Mkwe alilizunguka. "Huyu mwenye nyumba," akasema, "ni mvivu ama ni mjanja?" Juu, kikapu cha kiondo kilikuwa kimepinduliwa na balbu kutiwa ndani. Kitandani kulikuwa na mito mingi hata hakukubaki mahali pa mtu, na juu ya mito, taulo lililokunjwa likawa bata, na shingo yake.

"Nani amekosana na huyu ndege?" wifi yangu akauliza.

Hakuna aliyethubutu kulikunjua. Tulioga tukajifuta na leso zetu za kujifunga.

Mimi sasa nikakagua mali. Nilimwambia meneja kwamba mfereji wa mvua upande wa jikoni umepinda, na kwamba yale maua yang'olewe wapande sukuma wiki. Akasema, "Asante kwa maoni, memba wetu." Kila aliposema memba, mkwe aliitikia kwa kichwa. Tulipolala, nilimsikia akimwambia binti yangu gizani, "Mwanangu hakuniambia hivi." Binti yangu alijifunika shuka kichwani. Alikuwa ameambiwa na mimi aongee kidogo pia.

Asubuhi tukaletewa chai, na haikuwa imepikwa. Maji peke yake kwenye birika, maziwa peke yake kwenye kikombe cha mdoli, majani ya chai yamefungiwa ndani ya kijifuko chenye uzi. Wifi yangu aliuvuta ule uzi. "Wameyafunga kama mbuzi. Wanaogopa yatatoroka?"

Mkwe alikuwa na furaha. Alipaka mkate siagi, akamwita meneja kwa kidole.

"Kijana, hebu nieleze. Hisa moja hapa ni ploti ya ukubwa gani? Na kura mtapiga lini? Kama kuna nafasi hata mimi niingie."

Meneja akainama kwa heshima. Sikumlaumu wakati ule na simlaumu sasa. Alikuwa anafanya kazi yake.

"Mama, hapa hatuna hisa. Memba ni mteja anayerudi. Akilala, anapata pointi. Pointi zikiwa nyingi, analala tena bure."

"Analala ili apate kulala?"

"Ndiyo, mama."

"Na ploti?"

"Hakuna ploti, mama."

Binti yangu aliweka mikono yake miwili mapajani akaitazama, na nikajua anachoona ni ile barabara ya Kirinyaga, na mama huyu akirudi nayo kusema hapana. Wifi yangu aliinama akajifanya anatafuta kitu chini ya meza.

"Kwa hivyo," mkwe akaniambia, "wewe hapa huna kitu."

"Kumbe sina," nikasema. "Mimi nilidhani ninacho, vile wewe ulidhani. Nina chumba cha kukodi Mwihoko na gunia la maharagwe. Huyu mtoto nimemlea hapo. Ukimwita, ataitikia kutoka hapo, na hajawahi kuitwa akakosa kuitikia."

Yule mama akainamisha kichwa. Mabega yakaanza kutikisika. Nikasema moyoni, sasa amekasirika mpaka analia. Akainua kitambaa chake cheupe akajifuta macho, na kumbe ni kicheko.

"Wee mama," akasema, "mimi pia ni memba! Memba wa shamba, hapo Murera. Nimeenda mikutano mpaka mwenyekiti wa kwanza akafa, wa pili akaokoka akaacha. Kila mwaka tunaambiwa ramani inakuja. Kule kwetu nimewatangazia watu kwamba nina ploti upande wa Thika, hata mwanangu anaamini, na sijawahi kuikanyaga. Wewe angalau umelalia umemba wako!"

"Na chai umekunywa," wifi yangu akafufuka.

"Hiyo isiitwe chai."

Tulicheka mpaka meneja akarudi kuuliza kama kuna shida. Mkwe akamwambia hakuna, alete ramani. Maskini akaenda kutafuta ramani ya mji.

Halafu akasimama, akafunga kitambaa vizuri, akasema, "Haya. Nipelekeni Mwihoko. Nilikuja kuona kwenu, na bado sijaona."

Binti yangu alinitazama kwa hofu. Pale kwetu mfereji wa maji ulikuwa mmoja wa wapangaji wa ploti nzima, na siku hiyo ilikuwa siku ya jirani kufua, kwa hivyo mkwe alipita chini ya suruali za watu akiwa ameshika kitambaa chake. Akaingia. Akakaa kitandani, kwa sababu viti vilikuwa viwili na wifi yangu alikuwa ameshakalia kimoja na kuweka miguu kwenye kingine. Binti yangu akapika chai kwenye stovu, majani, maziwa, sukari, vyote pamoja, ikachemka mpaka ikapanda. Mkwe akanywa akamaliza. Akaongezwa. Akatazama magunia yangu, akashika maharagwe mkononi, akayarudisha pole pole bila kuangusha hata moja.

"Nitatuma wazee," akasema.

Binti yangu aligeuka akatazama ukuta.

"Lakini waje hapa hapa," mkwe akaendelea. "Nisisikie mmewapeleka mahali pengine."

"Viti ni viwili," nikamwambia.

"Watasimama. Ni memba wote, wamezoea kusimama."

Na walikuja, na walisimama, na wifi yangu hakumpisha hata mmoja.

Hivyo ndivyo ninavyokumbuka. Binti yangu anasema hakugeukia ukuta, alikuwa anatafuta sukari. Wifi yangu anashikilia kwamba alialikwa, na kwamba ule mkate haukuwa mkate, ulikuwa keki. Mimi nimeandika vile nilivyoona, na macho yangu siku hizo yalikuwa mazuri. Lakini kama ulikuwa pale, au mamako alikuwa pale akakuhadithia, na umeona mahali nimechanganya, njoo uniambie. Niko hapa Mwihoko bado. Njoo mchana, uje na majani ya chai, na uniambie taratibu, maana nikibishiwa haraka huwa sikubali.